Kitufe Chekundu cha Boila

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atauliza kwanza: boila ya nini, na jua lote hili? Aje Kolwezi, kusini mwa Kongo, mwezi wa Julai. Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi chake huja na upepo mkavu na usiku wa baridi ya kweli. Alfajiri, mabasi ya migodi yanapozunguka Manika na Dilala kukusanya watu wa zamu, maji ya bomba huuma mpaka kwenye mifupa. Walio wengi huteleka sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, au makala kama tusemavyo, wakangoja makala yashike, kisha wakaogea ndoo. Waliojaliwa kidogo wana boila, lile tangi jeupe la umeme la lita 50, 80 au 100, linaloning'inia ukutani juu ya beseni la kuogea, ambalo mtu hulisahau mwaka mzima mpaka siku linapoanza kunguruma.

Ninayetaka kumsifu ni yule anayeitwa siku hiyo. Kupasha maji moto hakuhitaji fundi, mbabula inatosha. Anahitajika mtu wa kueleza kwa nini moto haukukoma pale ulipoagizwa ukome, na watu wanaoweza kueleza hivyo bila kubahatisha ni wachache kuliko mabango ya "FUNDI UMEME" yaliyopigiliwa misumari kwenye miti ya mji huu.

Asili ya ufundi wenyewe haiko madukani, iko Gécamines, kampuni ya migodi. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, na kwa muda mrefu kampuni ndiyo ilikuwa mji. Nyumba zilikuwa zake, shule zake, hospitali zake, na balbu ikiungua ni yeye aliyetuma mtu wa kubadilisha. Hata baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, na baadaye kuipa jina la Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Mtu wa matengenezo alikuja na sanduku lake la vyuma, akaandika kwenye daftari, akaenda zake. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi, na miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Kisha ikaja 2003, na mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa fedha za mkupuo wakaambiwa kwaheri. Hiyo hiari iliwachekesha wengi, ila si kicheko cha furaha.

Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa vipimo, watu waliokuwa wakilinda joto na presha kwenye kiwanda cha Luilu, kilichoanza kazi mwaka 1960. Kazi yao nzima ilikuwa kuuliza kama sindano ya kipimo inasema kweli. Walirudi mtaani na swali hilo, wakalikuta linafaa kwa jokofu, kwa jenereta, kwa boila. Fundi ninayemfikiria ninapoandika haya ni mmoja wao. Anakaa Manika, hapendi jina lake liandikwe, na siku hizi hupanda ngazi kwa taabu, kwa hiyo anayepanda ni mtoto wa dada yake, naye hukaa chini akitoa maagizo.

Malalamiko huja kwa namna moja. "Papa, mayi iko natoka moto sana, ata mu choo," mama mwenye nyumba humwambia mlangoni. Hilo la choo wengi huliona kichekesho, lakini yeye hulichukua kwa uzito kuliko yote. Tangi la choo linajazwa na bomba la maji baridi. Maji ya moto yakionekana huko, maana yake yametanuka ndani ya boila, yakakosa njia, yakarudi nyuma kwenye bomba yalikoingilia. Kwa taarifa hiyo moja, kabla hajaiona boila yenyewe, amekwisha jua mambo mawili: joto limezidi kweli, na klape inayopaswa kuzuia maji kurudi nyuma imekufa au haijawahi kuwekwa.

Anakwenda kwenye dijonkta, ile swichi ya usalama ya umeme, anakata umeme wa boila, kisha anaomba kiti.

Hapo ndipo wenye nyumba wengi huanza kumkosea adabu kimyakimya. Wamemwita mtu wa kutengeneza, naye ameketi. Laiti wangejua anachokingoja. Maji yaliyo wazi, hapa kwetu juu, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Yaliyofungwa ndani ya tangi la chuma chini ya presha hayachemki hapo. Presha ikifika bari 7, ambayo ndiyo valvu nyingi za usalama hufungukia, maji yanaweza kukaribia nyuzi 170 yakiwa bado maji. Sasa mpe mtu wa haraka bisibisi na spana, afungue palipo na kutu, tangi likachanika. Presha inaanguka mara moja, na sehemu ya yale maji inageuka mvuke palepale. Lita moja ya maji ikigeuka yote huwa mvuke wa lita zaidi ya 1,600. Hakuna bafu la Kolwezi lenye nafasi hiyo. Basi mzee anakaa, anaomba chai ikiwapo, na anauliza maswali yanayoonekana ya mazungumzo tu.

Ilianza lini? Umeme ulikuwa umekatika kabla yake? Uliporudi, taa ziliwaka kawaida au ziliwaka sana? Kuna mtu aliyeongeza bomba, aliyejenga ukuta, aliyebadilisha soketi? Na swali la mwisho, analoliuliza akitazama pembeni ili asimtie mtu hofu: "Nani alifungula hapa?"

"Hapana muntu, papa."

Anaitikia kwa kichwa. Kijana wake akishuka na kifuniko cha chini cha boila, mzee hutazama vichwa vya skrubu kwanza. Skrubu iliyotoka kiwandani ina mfereji safi. Iliyofunguliwa kwa kisu cha jikoni, au kwa bisibisi isiyolingana, ina makovu. Sijapata kumsikia akimwambia mwenye nyumba kwamba amedanganywa au amedanganya. Anaziweka tu skrubu hizo mstari mmoja juu ya kigae, makovu yakitazama juu, na mazungumzo hubadilika yenyewe.

Chini ya kifuniko kuna vitu vichache kuliko mtu anavyotarajia. Kuna rezistansi, ile pingili inayozama ndani ya maji na kuyapasha. Kuna themostati, inayopima joto na kukata umeme maji yanapofika, tuseme, nyuzi 60. Na kuna mlinzi wa pili, aliyewekwa kwa ajili ya siku ambayo themostati itashindwa. Joto likipanda hadi nyuzi 90 hivi, huyu hukata nyaya zote mbili, na hajirudishi mwenyewe. Ni lazima mtu aje akibonyeze kwa kidole kitufe chekundu, kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kitufe hicho ndicho kinachopambanua mafundi wa Kolwezi. Fundi wa kwanza anafika, anakuta kitufe kimeruka, anakibonyeza, maji yanapata moto, analipwa, anaondoka. Wiki ijayo kimeruka tena, anaitwa, anabonyeza. Safari inayofuata anachoka, au mteja anachoka kumlipa, naye anachukua kipande cha waya anaunganisha kuingilia na kutokea, mlinzi akabaki pale ukutani bila kazi. Tunaita kupiga shunti. Boila sasa "haisumbui tena". Inapasha vizuri kabisa, na hakuna chochote katika dunia hii kitakachoizuia isipokuwa valvu ya usalama, ambayo huenda nayo imegandwa na chokaa.

Sitaki kumhukumu sana mpiga shunti. Vipuri vyetu hutoka mbali, kwa malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa, na bei yake hupangwa na mwenye duka kwa dola. Familia ina watoto, baridi ni kali, na waya wa shunti haugharimu kitu. Lakini ugonjwa huu ni wa zamani kuliko umaskini wetu. Septemba 1803, pale Greenwich karibu na London, boila ya injini ya Richard Trevithick ilipasuka ikaua watu. Kijana aliyepaswa kuilinda alikuwa ameenda kuvua mikunga, na wenzo wa valvu ya usalama ulikuwa umebanwa kwa spana usiinuke. Kibarua aliyeachiwa injini aliona inakwenda mbio mno, akaisimamisha bila kuiondoa ile spana, na mvuke ukakosa pa kutokea. Trevithick hakuishia kumlaumu kijana. Tangu hapo aliweka valvu mbili, moja ikiwa mahali ambapo mkono wa mwendeshaji haufiki, na akatoboa tundu kwenye boila akalijaza kizibo cha risasi: maji yakipungua na chuma kikipata moto kupita kiasi, kizibo kinayeyuka, mvuke unatoka, moto unazimwa. Kile kitufe chetu chekundu ni mjukuu wa kizibo hicho. Kimetengenezwa na watu waliokwisha kuona kwamba mwanadamu akipewa nafasi ataikaba koo valvu ya usalama ili kazi iendelee.

Mzee wangu akikuta kitufe kimeruka, hakibonyezi. Anakiacha hivyo mpaka mwisho. Kwake kitufe kilichoruka ni ushahidi, na kukibonyeza kabla ya kujua kilichokirusha ni kuufuta.

Anaanza na themostati. Za aina mbili ndizo nyingi hapa. Ile ya kijiti ina bomba la shaba nyeupe, na ndani yake ufito wa aloi iitwayo invari, chuma kilichochanganywa na nikeli, ambayo Charles Édouard Guillaume aliigundua mwaka 1896 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Shaba nyeupe ikipata joto hurefuka, invari karibu haisogei, na tofauti hiyo ndogo, isiyoonekana kwa jicho, ndiyo inayovuta swichi na kukata umeme. Aina ya pili ina kibuyu kidogo cha chuma kilichojaa kimiminika, na mrija mwembamba unaokwenda hadi kwenye swichi. Kimiminika kikipata joto hutanuka, kikasukuma kiwambo, swichi ikafunguka.

Hapo pana jambo ambalo vijana wengi hulipitia juu juu. Mrija huo ukipata ufa mdogo, kimiminika kikavuja, hakuna kitakachosukuma tena. Themostati itaamini kuwa maji ni baridi milele. Itaagiza moto, na moto, na moto. Ukiitazama kwa nje ni nzima, inang'aa, gurudumu lake linazunguka na kutoa mlio wa "tik" inavyostahili. Wengine husikia mlio huo wakaridhika. Au kibuyu kimechomoka kwenye mfuko wake, pengine fundi aliyepita alikisukuma vibaya, sasa kinaning'inia hewani kikipima joto la bafu badala ya maji.

Jaribio lake analifanyia uani. Anaomba mbabula ya nyumba na sufuria ya maji. Anakining'iniza kibuyu ndani ya maji kwa uzi, kisiguse chuma cha sufuria, maana chuma kina joto la makala na si la maji. Kando yake anashusha kipimajoto cha kioo. Nyaya mbili za multimeta anampa kijana azishike kwenye ncha za swichi. Gurudumu analiweka kwenye 60, kisha anakoroga maji polepole kwa mwiko, kwa sababu maji yasiyokorogwa yana joto tofauti juu na chini na yatamdanganya. Watoto wa nyumba hukusanyika. Kijana anasoma kwa sauti: arobaini, hamsini, hamsini na tano. Multimeta inalia mfululizo, ishara kwamba njia ya umeme imefungwa. Sitini. Inalia. Sitini na tano. Inalia. Kwenye sabini mzee anainua kibuyu kutoka majini, anakitazama, anamwonyesha mama mwenye nyumba, na hana haja ya kueleza lolote. Mama amesikia kwa masikio yake kitu ambacho hakikunyamaza kilipopaswa kunyamaza. Ndipo ataelewa anapoambiwa bei ya themostati mpya, na ndipo hatanunua ile ya bei rahisi isiyo na alama ya amperi.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu katika kazi nzima hapo ndipo napaona pazuri zaidi. Anakipima kipimo chenyewe, kwa zana ambazo kila nyumba inazo.

Mara nyingine themostati inapita mtihani. Inakata penye 60 sawasawa, na bado boila huchemka. Hapo fundi wa kubahatisha hupotea kabisa, atabadilisha kipuri hiki na kile kwa fedha za mteja. Mzee huhamia kwenye rezistansi. Kwanza anapima ncha kwa ncha: rezistansi ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 220 inapaswa kuonyesha omu 24 hivi. Ikionyesha hivyo, wengi wataitangaza nzima. Yeye anaendelea, anapima kutoka ncha moja hadi kwenye mwili wa tangi. Hapo multimeta isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, ganda la rezistansi limetoboka, na umeme unavujia majini na kwenda ardhini.

Sasa unganisha hilo na desturi ya nyumba nyingi ambamo waya wa fezi na wa nyutro ziliungwa bila kuangalia ni upi ni upi. Themostati nyingi hukata waya mmoja tu. Ikiwa waya unaokatwa ni nyutro, fezi inabaki imeshika rezistansi saa zote. Themostati inakata kwa uaminifu, taa ndogo inazima, kila mtu anaamini boila imepumzika, kumbe umeme unaingia kwa fezi, unapita kwenye sehemu ya rezistansi hadi kwenye tundu, na kuishia ardhini. Maji yanaendelea kupata moto usiku kucha kwa njia isiyo kwenye mchoro wowote. Kama nyumba ingekuwa na dijonkta ya kuhisi uvujaji, ingeruka mara moja. Nyumba nyingi za zamani hazina, na baadhi ya zilizo nayo, imepigwa shunti. Mtu akisema alipigwa na umeme kidogo aliposhika bomba akiwa na mikono yenye maji, mzee huwa hana haja ya kuuliza zaidi. Anakataza bafu lisitumike, kwa sauti ambayo si ya kawaida yake.

Rezistansi ikitolewa, hutoka na chokaa. Miamba yenye shaba ya Kolwezi imejaa dolomiti, na maji yanayopita humo hubeba kalsiamu na magnesiamu. Chokaa ina tabia iliyo kinyume na sukari: maji yakipata joto hushindwa kuishika, ikajitenga na kuganda, na hugandia palipo na moto zaidi, yaani juu ya rezistansi yenyewe. Safu ikinenepa inakuwa blanketi. Joto halitoki kwenda majini, rezistansi inaungulia ndani, na maji yanayonaswa chini ya magamba huchemka kwa vishindo vidogo. Hiyo ndiyo ile ngurumo. Vipande vikianguka hujaa chini ya tangi, vikazika mfuko wa kibuyu cha themostati, nacho kikachelewa kuhisi.

Dawa yake ni siki, au asidi ya ndimu, na subira. Katika mji ambao malori ya asidi ya salfuriki hupita mchana na usiku kwenda kwenye migodi, kipo kishawishi cha kutafuta kichupa cha ile kali ili kazi iishe upesi. Mzee alifanya kazi karibu na asidi hiyo miaka mingi, na hapa ndipo utamsikia akigomba. Asidi ya salfuriki ikikutana na chokaa huigeuza jasi, na jasi ni ngumu kuiyeyusha kuliko ulichotaka kukiondoa. Juu ya hapo inakula chuma cha tangi, na macho ya aliyeishika. Siki inafanya mapovu polepole, harufu inajaa uani, magamba yanalegea yenyewe. Ganda la rezistansi likisafika hung'aa wekundu, maana mara nyingi ni shaba. Huenda ilitoka kwetu ikiwa bamba la kathodi, ikazunguka dunia, ikarudi ndani ya boila ya bei rahisi. Rezistansi iliyokufa kijana huiweka mfukoni. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanajua thamani yake.

Kuhusu umeme wenyewe nitasema machache, nisije nikaharibu siku. Mabwawa yetu, Mwadingusha ya 1930, Koni ya 1950, Nzilo ya 1952 na Nseke ya 1956, yalijengwa kwa ajili ya migodi. Laini ya Inga iliyokamilika mwaka 1982, kilomita kama 1,700 kuvuka nchi nzima, ilikuja Kolwezi kwa ajili ya migodi pia, ikipita juu ya vijiji visivyo na taa. Nyumba hupata kinachobaki. Jioni volti huanguka hadi taa zikawa za rangi ya chungwa, usiku wa manane hupanda. Rezistansi ile ile ya wati 2,000, ikipewa volti 250 badala ya 220, hutoa karibu wati 2,580. Themostati nzima itahimili kwa muda, lakini kila inapokata hutoa cheche kubwa zaidi, na siku moja vidoti vyake vya kugusana huyeyuka vikashikana, visiachane tena. Ndiyo maana mzee anauliza kama taa ziliwaka sana. Jibu la swali hilo humwonyesha atafute wapi kabla hajafungua skrubu hata moja.

Kusema kweli kazi hii hailipi inavyostahili. Mwenye nyumba analipa kwa urahisi kitu kipya anachokiona: tangi jipya, bomba linalong'aa. Kulipia saa nzima ya mzee kuketi na kukoroga sufuria ni vigumu zaidi. Nimemsikia baba mmoja akinung'unika kwamba fundi "hakufanya kitu", kwa kuwa kosa lilikuwa skrubu moja iliyolegea kwenye kiunganishi, iliyokuwa ikijipasha yenyewe na kukirusha kitufe bila maji kuwa na hatia yoyote. Skrubu ilikazwa kwa nusu mzunguko. Baba alitaka punguzo. Mzee alimpa, na mimi hadi leo naona hakupaswa kumpa, kwa sababu yule aliyepita kabla yake alikuwa amekwisha kumuuzia baba huyo themostati mbili.

Mwanzo wa kuwasha tena nao una utaratibu wake. Tangi linajazwa kwanza, bomba la maji ya moto likiwa wazi, mpaka hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukohoa. Rezistansi ikiwashwa nje ya maji huungua ndani ya dakika chache. Kisha kitufe chekundu, sasa tu, kinabonyezwa. Waya wa shunti, kama ulikuwepo, mzee anautia mfukoni mwake, hauachi nyumbani kwa mtu. Mteja akimsihi aurudishe "kwa muda tu, mpaka nipate hela ya kipuri", anaacha boila imezimwa, kifuniko kikiwa chini, na kumwambia mama atumie mbabula kwa sasa. Wateja wengine amewapoteza kwa njia hiyo.

Na mara nyingi, siku mbili tatu baadaye, simu hulia. Boila inavuja, papa, valvu inadondosha maji, njoo uizibe. Anauliza inadondosha saa gani. Wakati wa kupasha tu, au saa zote? Ikiwa saa zote, atakuja. Valvu ina uchafu au presha ya bomba ni kubwa mno. Ikiwa wakati wa kupasha tu, hana la kutengeneza. Lita 80 za maji zikitoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka zaidi ya lita moja, na lita hiyo ni lazima itoke mahali. Anaeleza hayo kwenye simu, mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu mtandao ni mbovu, kisha anamwagiza mama aweke ndoo chini ya valvu, na asimruhusu mtu yeyote, awe fundi wa namna gani, atie kizibo pale.